Nani Analipa Ada ya Wito?

Katika usaili wa kujiunga na chuo cha Biblia, mwombaji huulizwa aliokoka lini, amehudumu wapi, nani anamshuhudia, na kama ana uhakika kwamba ameitwa. Ni maswali halali. Mke wake, kama amealikwa, hukaa kwenye benchi la pembeni na kuulizwa jambo moja: "Mama, na wewe umeridhia?" Hujibu "Amina", na fomu inagongwa mhuri. Baada ya kuwaandaa watumishi wa kanisa kwa muda mrefu katika Kanda ya Ziwa, naona swali zito kuliko yote huwa halitoki midomoni mwa kamati: nyumba hii itakula nini kuanzia Januari hadi Desemba, na nani atakitafuta hicho chakula?

Kuna mahali swali hilo linajijibu lenyewe. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Msalala hadi Geita, Nyarugusu na Katoro, halijijibu.

Sababu moja ni ya kihistoria. Mapadre Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Africa Inland Mission ilianza kazi Nassa, kando ya ziwa, mwaka 1909 ikichukua kituo kilichoanzishwa na Waanglikana wa CMS, na mwaka 1913 ikaanzisha huduma ya tiba Kolandoto, jirani na Shinyanga mjini. Wamisionari hao walikuta jamii ya wakulima na wafugaji, na utaratibu wao wa kuwaandaa wainjilisti ukakatwa kwa kipimo cha mkulima. Mwanafunzi aliondoka nyumbani akiwa ameacha nafaka kwenye kihenge na ng'ombe mikononi mwa kaka zake. Mke akifuatana naye alikuja na jembe, akapewa kipande cha ardhi ya chuo, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wanakula mahindi yao wenyewe. Ilikuwa shida, lakini shida yenye msimu, na msimu mtu anaweza kuupangia.

Fedha ya duara haina msimu. Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anayegharamia matimba, baruti, pampu na chakula, na kuna mafundi wanaoshuka chini. Fundi halipwi mshahara. Hupata mgao wa mawe, yaani mifuko kadhaa kati ya ile iliyotolewa, akaipeleka kwenye karasha kusagwa, kisha mwaloni kuoshwa, zebaki ikakamata dhahabu, na dhahabu ikauzwa. Mwamba usipotoa, miezi inapita mtu akila kwa mkopo kwa mama lishe. Ukitoa, anaweza kushika kwa asubuhi moja fedha ambayo mwalimu wa shule ya msingi haioni kwa mwaka mzima. Asilimia kubwa ya fedha hiyo tayari ina wenyewe: muuza duka, mama lishe, mwenye nyumba, shemeji aliyelipia hospitali.

Watafiti Deborah Fahy Bryceson na Jesper Bosse Jønsson, walioandika mwaka 2009 kuhusu wachimbaji wadogo wa Tanzania, walionyesha kwamba mchimbaji huhama kutoka machimbo hadi machimbo akikusanya ujuzi na watu wanaomfahamu, na huko kuhama ndiko kupanda kwake cheo. Mchungaji akilisoma hilo ataona mara moja maana yake kwa familia. Wanaishi nyumba ya kupanga, shamba hawana, na ndugu wako mbali, Meatu au Kasulu. Baba akiondoka kwenda chuo, kipato hakipungui, kinakatika. Nafasi yake kwenye duara hukaliwa na mwingine wiki hiyohiyo, maana mgao ni wa aliyepo.

Tuchukue mfano wa familia ambayo yeyote aliyekaa Nyarugusu ataitambua. Baba ni fundi na mzee wa kanisa, mama anauza chai na chapati karibu na makarasha, watoto wapo wanne. Januari ankara mbili zinagonga mlango pamoja: ada na godoro la chuo, na sare na madaftari ya watoto. Elimu bila ada ilianza 2016, na ni neema kubwa, lakini michango ya chakula cha shuleni haijafutwa na neema. Kanisa limechanga siku ya kumuaga, likafanya mnada wa kuku na mikungu ya ndizi baada ya ibada, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Mchango huo unatosha hadi Pasaka. Sijawahi kuona ibada ya kuaga ikifuatiwa na nyingine mwezi Julai, wakati sufuria zimekauka kweli.

Mama ana njia mbili. Ya kwanza ni kwenda na mumewe. Vyuo vingi vya Biblia vina darasa la wanawake, ambako wake za wanafunzi husoma Maandiko, kufundisha shule ya Jumapili, ushonaji na malezi. Nalithamini darasa hilo, na nimeona wanawake waliotoka humo wakihubiri kwa ufasaha kuliko waume zao. Lakini akienda anapoteza wateja, anapoteza hisa zake kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, na watoto wanahamishwa shule katikati ya masomo.

Njia ya pili ni kubaki, na wengi hubaki. Mke mmoja wa mwanafunzi alinionyesha daftari lake la biashara. Kurasa za mbele zilikuwa na madeni ya wateja: fundi wa karasha, chai mbili na chapati nne; Mama fulani, unga kilo moja, atalipa mwalo ukitoa. Kurasa za nyuma, kwa mwandiko uleule, kulikuwa na orodha ya nyumba alizotembelea kwa maombi wiki hiyo, wagonjwa na wafiwa. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Watu walianza kumwita mama mchungaji tangu mumewe alipopanda basi, na jina likaja na mzigo wake: mgeni anayelala, binti aliyefukuzwa kwao, mlevi anayetaka kupatanishwa na mkewe saa nne usiku. Kimasomo, mwanamke huyu alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo mwaka mzima bila mwalimu wa kumsimamia wala cheti mwishoni, na chapati zake ndizo zilizokuwa zinalipa ada ya mumewe.

Wanaume wenzangu hukasirika kidogo nikilisema hili. Husema Mungu aliyeita atatoa. Naamini hivyo pia, ila naona mara nyingi anatoa kupitia karai la mafuta ya kukaangia, na mwenye karai anastahili kuulizwa kama amechoka.

Mabadiliko ya imani nayo yana sura yake huku. Mtu wa nje hudhani mchimbaji anayekwenda chuo cha Biblia anaacha pombe na anasa tu. Anaacha zaidi ya hayo. Bahati ya duara huhusishwa na waganga, na wapo wenye maduara wasioanza kuchimba bila ruhusa ya mganga. Upande wa kutisha wa imani hizo tuliuona katika mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2007 na 2008. Bryceson na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti uliohusisha mauaji hayo na biashara ya dawa za bahati katika uchimbaji. Mchungaji mtarajiwa ametoka katika ulimwengu huo, na mara nyingine ndugu zake bado wamo. Anaporudi likizo, mwenye duara ambaye ni muumini mzuri wa Jumapili anamwomba aje kuombea shimo jipya. Aende? Nami nauliza: hapo mwenye duara anamtaka mchungaji, au anamtaka mganga mwenye Biblia? Na sadaka nono iliyotoka kwenye duara ambako watoto wanasaga mawe badala ya kusoma, ipokelewe kwa wimbo? Mwanafunzi ambaye nyumbani kwake hakuna unga hana uhuru mkubwa wa kujibu. Ndiyo maana siwezi kutenganisha somo la uadilifu na somo la bajeti ya nyumba.

Kisha kuna vifo. Mwaka 2015 wachimbaji watano waliokolewa hai katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakati ambapo wengi walishakata tamaa. Agosti 2025, katika mgodi mdogo wa Chapakazi huko Nyandolwa, Shinyanga, watu 25 walifukiwa na udongo. Anayeandaliwa kuhudumu huku ajue kukaa na mke wa fundi pale juu ya shimo, siku baada ya siku, bila kumwahidi asichokijua na bila kumzika mtu ambaye bado anatafutwa. Mitaala mingi ina juma zima la safari za Paulo, na huduma kwa wafiwa inapewa vipindi vichache mwishoni mwa muhula. Wake waliobaki machimboni mara nyingi wamejifunza jambo hili kabla ya waume zao.

Kwa Wakatoliki sura ni tofauti kidogo. Padre hana mke, na maandalizi yake huanza seminarini akiwa kijana. Lakini katika jimbo la Geita, lililoanzishwa 1984, kama ilivyo Shinyanga na Kahama, vigango vingi haviwi na padre kila Jumapili. Anayeongoza ibada, kufundisha wakatekumeni na kuzika ni katekista, mtu mwenye mke, watoto na deni dukani. Swali la unga linamhusu yeye vilevile, na posho yake ni ndogo kuliko ya mchungaji.

Je, ni lazima nyumba ivunjwe ndipo mtu aandaliwe? Walimu watatu wa seminari ya Wapresbiteri huko Guatemala, Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler, walijiuliza hivyo mwaka 1963. Waliona kwamba watu walioongoza makanisa ya vijijini, wenye mashamba na familia, hawakuweza kuja bwenini, na vijana walioweza kuja mara nyingi hawakurudi vijijini. Wakageuza utaratibu: mwanafunzi akabaki kwake akisoma kitabu kwa juma, na mwalimu akamfuata kwa mjadala. Njia hiyo ilienea Afrika katika miaka ya 1970, na makanisa yetu kadhaa yanaifahamu kama theolojia kwa enezi. Huchukuliwa kama daraja la pili, la wale walioshindwa chuo. Naona tumekosea hapo. Kwa nyumba ya machimboni ndiyo ingepaswa kuwa mlango wa kwanza: miaka miwili ya enezi, mke na mume wakikaa meza moja na kitabu kimoja, kisha bweni kwa muda mfupi kwa yale yanayohitaji maktaba na walimu.

Njia hiyo ina udhaifu wake. Fundi aliyetoka zamu ya usiku husinzia juu ya kitabu, na machimbo mapya yakisikika upande wa Mbogwe, nusu ya darasa inahama na vitabu vyake. Lakini kizingiti kimoja kimepungua. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na mwalimu wa Mwanza aliyekuwa akipoteza saa kwenye foleni ya kivuko sasa anaweza kufundisha Geita mchana na kulala kwake.

Haja yenyewe haisubiri. Mkoa wa Geita ulianzishwa 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu milioni 1.7. Sensa ya 2022 ikakuta karibu milioni 3. Makanisa ya mabati na maturubai yanaota Katoro na Buseresere kwa kasi ambayo vyuo haviifikii, na pengo linajazwa na yeyote mwenye kipaza sauti. Baadhi yao ni watumishi wema. Wengine wanauza mafuta ya upako kwa watu walewale waliokuwa wakinunua dawa ya mganga, kwa bei inayokaribiana.

Kwa halmashauri ya kanisa inayofikiria kumtuma mtu wake mwaka ujao, nina mambo machache ya kupendekeza. Mwalikeni mke kwenye usaili kama mhojiwa kamili, mumewe akiwa nje. Gawanyeni mchango: nusu itolewe siku ya kuaga, nusu ibaki kwa mhasibu itolewe Julai, mkononi mwa mama. Deni la dukani lilipwe kabla ya safari, maana likiachwa litadaiwa kwa mke, na mbele ya wateja wake.

Na kama familia imebahatika kuwa na kiwanja, kisiuzwe kulipia ada. Hili nalisisitiza kwa kuwa ndilo la kwanza kupendekezwa na watu wenye nia njema. Mchungaji akihitimu hupangiwa kituo, huishi katika nyumba ya kanisa, huhamishwa baada ya miaka michache, na siku akistaafu au akifariki, nyumba hiyo hukabidhiwa kwa mwingine ndani ya miezi. Wajane wa wachungaji wanaorudi kupanga chumba mjini Geita wapo, na baadhi yao wanaweza kukuonyesha, ukitembea nao barabara ya kwenda Katoro, kiwanja kilichokuwa chao.