Kumwona mtoto hakutoshi: Kanisa na vipimo vya mtoto aliye tumboni

Miongoni mwa maswali ambayo sisi mapadre huulizwa baada ya semina za ndoa na mikutano ya WAWATA, lipo hili: je, mama Mkatoliki anaruhusiwa kupiga altrasaundi na kufanyiwa vipimo vya kutambua ulemavu wa mtoto angali tumboni? Wapo wanaodhani kwamba Kanisa linavikataza vipimo hivyo, hata huona haya kuvitaja mbele ya padre. Wapo pia wanaovipokea vyote bila kuuliza lolote, kwa kuwa vimetoka kwa daktari. Katika makala haya tunataka kueleza vipimo hivi ni nini, tafiti zimeonyesha nini, na Mama Kanisa anafundisha nini, ili mama atakayekabidhiwa karatasi ya majibu mazito asibaki nayo peke yake.

Chombo kilichoanzia kiwandani

Altrasaundi ni mawimbi ya sauti ambayo sikio la mwanadamu haliwezi kuyasikia. Kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo la mama hutuma mawimbi hayo, nayo hugonga mwili wa mtoto na kurudi kama mwangwi, kisha mashine huyageuza kuwa picha. Haitumii mionzi kama eksirei. Tofauti hiyo si ndogo. Katika miaka ya 1950, daktari Alice Stewart wa Uingereza alionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakati wa ujauzito walipatwa na saratani zaidi kuliko watoto wengine.

Mmoja wa waliotangulia kuitumia altrasaundi katika tiba ya uzazi ni Profesa Ian Donald wa Glasgow, Uskoti. Mwaka 1955 alichukua uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake, akaupeleka kwenye kiwanda kimoja kilichokuwa na chombo cha kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Aliona kwamba mwangwi uliweza kutofautisha aina za uvimbe. Akishirikiana na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, alichapisha matokeo ya kazi yao katika jarida la The Lancet mwaka 1958, pamoja na picha za mtoto aliye tumboni. Huyo Donald aliipinga waziwazi sheria iliyoruhusu utoaji mimba nchini Uingereza mwaka 1967.

Historia hii ina somo kwetu. Fundi akiona ufa katika bamba la chuma, hulitenga, maana anatafuta chuma kisicho na dosari. Chombo kile kile kilipohamishiwa kwa mama mjamzito, mazoea ya kiwandani yangeweza kuhamia pamoja nacho: kumtazama mtoto ili kuamua kama anafaa kupokelewa. Hapo ndipo lilipo swali la kimaadili. Kanisa halina ugomvi na mashine. Linauliza tunamtazama mtoto huyu kwa nia gani, na tutamtendea nini baada ya kumwona.

Tafiti zimeonyesha nini

Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama mjamzito apate kipimo kimoja cha altrasaundi kabla ya wiki ya 24. Kipimo hicho husaidia kukadiria umri wa mimba kwa usahihi zaidi, kutambua mapacha, na kuona baadhi ya kasoro za viungo. Altrasaundi huweza pia kuonyesha mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, au kondo la nyuma lililoziba mlango wa kizazi. Mama mwenye tatizo hili la mwisho akijulikana mapema, ataandaliwa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba, badala ya kuanza kutokwa na damu usiku akiwa nyumbani. Kwa hiyo, mama asione kwamba anapungukiwa imani anapokwenda kupimwa.

Hata hivyo, tafiti zimetufundisha pia unyenyekevu. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanawake 15,151 ambao mimba zao hazikuwa na hatari ya wazi. Waliopimwa altrasaundi kwa utaratibu wa kawaida hawakupata matokeo bora ya uzazi kuliko wale waliopimwa pale tu daktari alipoona sababu. Mwaka 2018 yakatolewa matokeo ya utafiti mwingine uliofanyika Kenya, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Guatemala na Pakistan. Huko wahudumu wa vituo vya afya vya vijijini walifundishwa kutumia altrasaundi, na wajawazito wakapangiwa vipimo viwili. Wengi walitazamia kwamba vifo vingepungua na kwamba akina mama wangejifungulia hospitalini kwa wingi zaidi. Haikuwa hivyo: vifo vya akina mama na watoto havikupungua kwa sababu ya kipimo hicho.

Kwa nini? Yeyote anayezijua zahanati za vijijini hatashangaa. Picha huonyesha hatari, lakini haimfikishi mama hospitali. Kama gari la wagonjwa halipo, kama damu haipatikani, kama hospitali ya rufaa imezidiwa, mama atarudi nyumbani akiijua hatari yake bila kupata wa kumsaidia. Tulishike jambo hili, maana tutalirudia: kumwona mtoto si sawa na kumhudumia.

Kushuku si kuthibitisha

Jambo la pili ambalo waamini wengi hawaelezwi ni tofauti kati ya vipimo vya uchunguzi wa awali na vipimo vya uthibitisho. Kipimo cha awali hakisemi kwamba mtoto ana tatizo. Kinasema tu kwamba uwezekano umezidi kiwango fulani, hivyo inafaa kuchunguza zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kipo kipimo cha awali cha hali ya Down kinachofanywa kati ya wiki ya 11 na ya 14, kwa kuunganisha damu ya mama na altrasaundi ya shingo ya mtoto. Kipimo hicho hugundua takriban watoto 90 katika kila 100 wenye hali hiyo, lakini pia hushuku takriban watoto 5 katika kila 100 wasiokuwa nayo. Tuseme wamepimwa wajawazito 10,000, na watoto 14 kati ya wote wana hali ya Down. Kipimo kitawagundua kama 13. Lakini kitawashuku pia watoto kama 500 wasio na hali hiyo. Maana yake, katika akina mama zaidi ya 500 walioambiwa kwamba kuna wasiwasi, ni mmoja tu katika kila 40 ambaye mtoto wake ana hali hiyo kweli. Wengine wote wamepoteza usingizi kwa tatizo ambalo halipo.

Vipo vipimo vipya zaidi vya damu ya mama, vinavyochunguza vipande vya vinasaba vinavyotoka kwenye kondo la nyuma. Ni sahihi zaidi, lakini navyo ni vya awali tu. Uthibitisho hupatikana kwa kuingiza sindano na kuchukua majimaji yanayomzunguka mtoto au sehemu ndogo ya kondo, na njia hiyo ina hatari, ingawa ndogo, ya mimba kuharibika. Kwa hiyo, wazazi wana haki ya kumwuliza daktari: kipimo hiki ni cha awali au cha uthibitisho? Kina hatari gani kwa mtoto? Majibu yake yatatusaidia kumtunza kwa namna gani?

Mama Kanisa anafundisha nini

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili yako wazi. Hati iitwayo Donum Vitae, yaani Zawadi ya Uhai, ya mwaka 1987, Katekisimu ya Kanisa Katoliki katika namba 2274, na waraka wa Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, Evangelium Vitae, yaani Injili ya Uhai, wa mwaka 1995, vyote vinafundisha mamoja. Uchunguzi wa mtoto aliye tumboni ni halali endapo unaheshimu uhai na mwili wake, unalenga kumlinda au kumponya, hauleti hatari isiyolingana na manufaa yake, na wazazi wamekubali baada ya kuelezwa vizuri. Unakuwa kosa kubwa kimaadili pale unapofanywa kwa nia ya kumtoa mtoto ikiwa majibu hayatapendeza. Kipimo hakiwezi kugeuzwa kuwa hukumu.

Upo mfano mzuri wa kipimo kinachomtumikia mtoto. Nchini mwetu wapo watoto wengi wanaozaliwa na tatizo la mgongo wazi, na mara nyingi pamoja nalo kichwa kikubwa. Altrasaundi inaweza kuuona mgongo wazi mapema, na mama akaandaliwa kujifungulia mahali penye madaktari wa upasuaji. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba baadhi ya watoto hawa wakifanyiwa upasuaji wangali tumboni, kabla ya wiki ya 26, hupata nafuu kubwa zaidi ya wale wanaosubiri hadi kuzaliwa, ingawa upasuaji huo huongeza hatari ya kuzaliwa njiti. Kinga nayo inajulikana. Utafiti wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba vidonge vya foliki asidi, vikianza kutumiwa kabla ya mimba kutungwa, vilipunguza tatizo hilo kwa asilimia 72 kwa akina mama waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo kama hilo. Uti wa mgongo hufungika katika mwezi wa kwanza wa mimba, kabla mama wengi hawajatambua kwamba wana mimba. Tunawasihi walimu wa semina za ndoa wawaeleze wachumba jambo hili.

Upo pia mfano wa kuhuzunisha. Nchini Denmark, kati ya mwaka 2000 na 2004, watoto 55 hadi 65 wenye hali ya Down walizaliwa kila mwaka. Baada ya wajawazito wote kuanza kupewa nafasi ya kupimwa, mwaka 2005 walizaliwa 31, na mwaka 2006 wakazaliwa 32. Hakuna dawa iliyopatikana, wala watoto hao hawakuponywa. Walitambuliwa, na hawakupokelewa. Kule India, altrasaundi ilitumika kuwatafuta watoto wa kike na kuwaondoa, hata mwaka 1994 ikatungwa sheria ya kuzuia kutambua jinsia ya mtoto tumboni. Nasi akina baba tujihoji tunapomkazia mama swali la jinsia kabla hata hatujauliza afya yake na ya mtoto.

Profesa Jérôme Lejeune wa Ufaransa, ambaye mwaka 1959, pamoja na Raymond Turpin na Marthe Gautier, alitangaza ugunduzi kwamba hali ya Down husababishwa na kromosomu moja ya ziada, alitumaini kuwatafutia watoto hao tiba. Aliumia alipoona maarifa hayo yakitumika kuwatafuta ili wasizaliwe, naye akawatetea hadi mwisho wa maisha yake. Baba Mtakatifu Fransisko alithibitisha fadhila zake za kishujaa mwaka 2021.

Baada ya majibu

Ndugu wapendwa, hapa tuseme ukweli unaotugusa sote. Ni rahisi kwetu kusimama mimbarini na kumwambia mama asimtoe mtoto wake. Lakini mama huyo anajua yatakayofuata. Anajua kwamba jirani atanong'ona juu ya laana na ushirikina. Anajua kwamba baba wa mtoto anaweza kuondoka. Anajua kwamba zipo familia zinazowafungia ndani watoto wenye ulemavu wasionekane, hata siku ya ubatizo. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tukimwachia kazi hiyo peke yake, sisi nasi tumefanana na zahanati isiyo na gari la wagonjwa: tumeona, hatukusaidia.

Kwa hiyo, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zina wajibu wa wazi. Mama aliyepokea majibu mazito asindikizwe kliniki, maana wawili husikia maelezo vizuri kuliko mmoja aliyepatwa na hofu. Jumuiya imsaidie nauli na kuwalea watoto wengine anapolazwa. Baba asemeshwe na wanaume wenzake, kwa upole na ukweli. Mtoto akizaliwa, aletwe kanisani kama wengine, na watu wampokee kwa furaha.

Na kama madaktari wamesema kwamba mtoto hataishi muda mrefu, wazazi waje tuzungumze mapema. Mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia, na padre au shemasi asipokuwapo, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya afanyalo Kanisa anaweza kumbatiza, hata muuguzi. Wazazi wanaweza kumchagulia jina, kumshika mikononi, na kumwaga kwa heshima anayostahili kila mwanadamu. Hata akiishi saa moja, ni mtoto wao, naye ni mtoto wa Mungu.

Yuko pia mama ambaye alipokea majibu, akaogopa, akatoa mimba, na hajamwambia mtu. Kwake tunasema: mlango wa Sakramenti ya Kitubio uko wazi. Njoo, dada yetu. Huruma ya Mungu ni kubwa kuliko dhambi zetu.

Mwinjili Luka anasimulia kwamba Bikira Maria alipopata habari za ujauzito wa Elizabeti, alifunga safari kwa haraka kwenda milimani. Yohane akaruka kwa furaha tumboni mwa mama yake. Lakini tusisahau kinachofuata: Maria alikaa na Elizabeti kama miezi mitatu. Familia iliyopokea majibu mazito leo inahitaji mtu wa kuja, na kukaa.

Mungu awabariki wajawazito wote wa jimbo letu, awalinde watoto waliomo tumboni, na atupe sisi moyo wa kuwapokea.