Je, Wajua? Komoro, visiwa vinne na zamu iliyokatizwa

Je, wajua kwamba sauti ya kudai uhuru wa Komoro ilipata nguvu Dar es Salaam kabla ya Moroni, mji mkuu wake? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wangazija waliokuwa wakiishi Tanganyika na Unguja ndio walioijenga MOLINACO, harakati iliyoongozwa na Abdou Bakari Boina. Kwa hiyo msomaji wa pwani anapoisoma historia hii, anasoma habari za watu wa nyumbani.

Je, wajua kwamba kisiwa kimoja tu kiliukataa uhuru huo? Katika kura ya maoni ya tarehe 22 Desemba 1974, Ngazija, Nzwani na Mwali waliunga mkono uhuru karibu wote. Maore, ambayo ramani za Ufaransa huiita Mayotte, ilikataa. Ukizijumlisha kura za visiwa vyote, waliotaka uhuru walikuwa kama asilimia 95. Bunge la Ufaransa likadai kila kisiwa kihesabiwe peke yake. Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya Komoro, hakusubiri: tarehe 6 Julai 1975 akatangaza uhuru bila idhini ya Paris. Novemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro ikiwa na visiwa vyake vinne, na Februari 1976 Ufaransa ikatumia kura ya turufu katika Baraza la Usalama ili iendelee kubaki Maore.

Je, wajua kwamba rais wa kwanza, Abdallah huyo, alitawala kwa wiki nne tu? Alipinduliwa tarehe 3 Agosti 1975.

Aliyekuwa nyuma ya mapinduzi hayo ni Ali Soilih, mtaalamu wa kilimo aliyesomea Ufaransa, na huyu anastahili maelezo marefu kuliko anayopewa kwa kawaida. Wafaransa walikuwa wameondoa misaada, walimu na mafundi wao, na hazina ilikuwa tupu. Soilih akaamua kuijenga dola upya kuanzia chini. Alianzisha mudiria, vituo vya utawala vilivyosogeza huduma za serikali karibu na wanavijiji, na majengo yake hayajasahaulika hadi leo. Alipiga marufuku gharama za anda, ile ndoa kubwa ya Ngazija ambayo mtu huiwekea akiba miaka mingi ili ahesabiwe miongoni mwa wakubwa wa mji. Madaraka aliwakabidhi vijana, wengine wakiwa bado wa umri wa kukaa darasani. Ila pia aliziteketeza kwa moto nyaraka za serikali, na vijana wake wa Komando Moissy wakawapiga na kuwadhalilisha wazee na mashehe mbele ya watu. Alikuwa na haki katika mengi aliyoyaona. Alikosea alipodhani kwamba fimbo ingewafanya watu wayaone pia.

Na misiba haikumsubiri ajipange. Desemba 1976 Wakomoro waliuawa kwa wingi katika mji wa Mahajanga, Madagaska. Makadirio yanavuka watu 1,000. Maelfu ya walionusurika walirudishwa kwa ndege za shirika la Ubelgiji, Sabena, na mpaka leo familia hizo huitwa Wasabena. Miezi michache baadaye, Aprili 1977, mlima Karthala ukalipuka na tope la moto likakifunika kijiji cha Singani.

Je, wajua kwamba mamluki mmoja aliingilia utawala wa marais kadhaa wa nchi hii? Bob Denard, Mfaransa, aliitwa mwaka 1975 na upande wa Soilih kwenda kumkamata Abdallah huko Nzwani. Tarehe 13 Mei 1978 akarudi na watu wapatao 50 kumng'oa Soilih huyohuyo, ambaye aliuawa baadaye mwezi huohuo, na akamrudisha Abdallah madarakani. Akasilimu, akajiita Said Mustapha Mahdjoub, akaoa na kukaa zaidi ya miaka kumi. Kikosi chake cha walinzi wa rais kililipwa na Afrika Kusini ya makaburu, iliyovitumia visiwa hivi kukwepa vikwazo. Nchi ilikuwa imejitangaza Jamhuri ya Shirikisho ya Kiislamu, huku bunduki zake zikiwa mikononi mwa watu wa kukodiwa. Hilo linaumiza kuliandika.

Usiku wa Novemba 26 mwaka 1989, Abdallah alipigwa risasi ikulu, Denard akiwapo. Mwaka 1999 mahakama ya Paris ilimwachia huru kwa kifo hicho. Kabla ya hapo, Septemba 1995, alikuwa ameshatua Ngazija kwa mara nyingine na kumteka Rais Said Mohamed Djohar, hadi askari wa Ufaransa walipokuja kumtoa.

Je, wajua kwamba mwaka 1997 Nzwani na Mwali walitangaza kujitenga, na Nzwani wakapandisha bendera ya Ufaransa wakiomba kurudi chini yake? Ufaransa ilikataa. Chanzo kilikuwa kilio cha siku nyingi, kwamba fedha na vyeo vyote vinaishia Moroni.

Dawa ilipatikana katika makubaliano ya Fomboni, huko Mwali, Februari 2001, na katiba ya Desemba mwaka huo ikaiweka kwenye maandishi: urais wa Muungano uzunguke, kila kisiwa kwa zamu yake. Ngazija ilianza na Azali Assoumani, kanali aliyekuwa amepindua serikali mwaka 1999. Mei 2006 akamkabidhi Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani, na hayo yakawa makabidhiano ya kwanza ya amani kati ya marais waliochaguliwa. Mwaka 2011 Ikililou Dhoinine akawa rais wa kwanza kutoka Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote. Nchi iliyohesabu mapinduzi na majaribio zaidi ya 20 ilipumua. Sijui mwafaka mwingine wa visiwa hivi uliofanya kazi kubwa kama huo.

Je, wajua kwamba askari wa Tanzania walikuwa mstari wa mbele kuulinda mwafaka huo? Tarehe 25 Machi 2008, pamoja na wenzao wa Sudan na jeshi la Komoro, waliingia Nzwani na kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyeng'ang'ania urais wa kisiwa. Bacar alikimbilia Maore.

Je, wajua kwamba Maore ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu Machi 2011? Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda huko, na wengi wamezama wakivuka kwa mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa, zikitokea Nzwani, umbali wa kilomita 70 hivi.

Azali alirudi mwaka 2016. Mwaka 2018 aliisimamisha Mahakama ya Katiba, kisha kura ya maoni ya Julai ikamruhusu rais kuongeza muhula mfululizo. Oktoba risasi zikalia katika mji mkongwe wa Mutsamudu, huko Nzwani. Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2022 kwa kesi ya uuzaji wa pasi za kusafiria. Azali alishinda tena 2019 na Januari 2024, na muhula wake unafika 2029. Kwa hesabu ya katiba ya 2001, Nzwani ilipaswa kupokea urais mwaka 2021. Bado haijaupokea.