Mkono, Uma na Firigisi

Mji wa Kindu, ulio kando ya mto Lualaba, umekusanya watu wa makabila mengi: Walega, Wasongola, Wakusu, Wabangubangu na wengineo. Karibu wote hula bugali na sombe. Wengi hupenda pia wali, kwa maana wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokaa Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 waliuleta mpunga Maniema. Kwa jirani zetu Waislamu twaona bado adabu ya sinia: watu hunawa, hula kwa mkono wa kuume, na kila mmoja hushika upande wake, asivuke mpaka hata kama nyama iliyonona iko ng'ambo. Naye Mkristo mwenye busara, akitaka kuwaalika arusini, humwomba Mwislamu achinje mbuzi, ili pasiwe mgeni wa kukaa na njaa.

Wako vijana waliosoma wanaoona haya kula kwa mkono mbele ya mgeni wa Ulaya. Haya hiyo ni ya bure. Uma wenyewe ulidharauliwa huko zamani. Katika karne ya 11 Mtakatifu Petro Damiani alimlaumu vikali mke wa mtawala wa Venezia, mwanamke aliyetoka Konstantinopoli, kwa kuwa hakutaka kugusa chakula kwa vidole, bali alikitia kinywani kwa uma wa dhahabu. Mwingereza Thomas Coryat aliuona uma nchini Italia mwaka 1608, akasimulia habari zake katika kitabu cha mwaka 1611. Watu wa kwao wakamcheka.

Hata leo hao wenye uma hawapatani. Mfaransa humfundisha mwanawe kuweka mikono juu ya meza, ionekane. Mwingereza humwambia aiweke mapajani. Huko Japani ni vibaya kusimamisha vijiti katika bakuli la wali, kwani hivyo ndivyo wanavyofanya kwa ajili ya marehemu. Na nchini Ethiopia mwenyeji humtia mgeni tonge kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Kulikataa si jambo dogo.

Lakini iko desturi moja ya kwetu inayotutia wasiwasi. Katika nyumba nyingi baba huandaliwa kwanza, pamoja na wageni wanaume. Mama na watoto hula jikoni yaliyobaki. Firigisi ya kuku ni ya baba, na mke akimpa mtu mwingine, pana neno! Hatusemi heshima hiyo itupwe. Ila mama mwenye mimba na mtoto aliyeachishwa ziwa ndio wenye kuhitaji sana samaki, mayai na nyama. Bugali la muhogo hushibisha, lakini halina vya kutosha kuujenga mwili. Mtoto anayelishwa hilo tu siku zote huweza kuvimba miguu, na nywele zake kugeuka rangi. Ndio ugonjwa wa kwashiakoo, nao huua.

Tumewaona akina baba waliokwisha kubadili mpango. Samaki humegwa kwanza kwa watoto, kisha kwa mama. Ndipo baba huletewa firigisi yake, nayo ni yake bado.