Kanuni Yatafutwa Makutano

Ukimuuliza mtu wa Mombasa habari za Meru, atakujibu kwa neno moja tu: miraa. Leo, msomaji wangu, naomba tuiweke miraa kando. Niliyoyakuta Makutano, kitongoji cha mji wa Meru pale njia zinapokutana, ni mambo ya taarabu, nayo yatuhusu sisi wa pwani kuliko yanavyowahusu wenyeji.

Katika skuli moja ya huko, watoto walikuwa wakijitayarisha kwa tamasha la muziki la skuli za Kenya. Tamasha hilo ni la zamani. Lilianza 1927, na kila mwaka watoto hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka mtaani kwao hadi mashindano ya taifa. Kundi nililolisikiliza lilikuwa na wimbo wa mtindo wa taarabu. Matamshi yao yalikuwa na mlima ndani yake, lakini nilihesabu mizani kwa vidole, kama ilivyo ada yangu, na haikupungua hata mmoja. Vyombo vyao ndivyo vilivyonihuzunisha: kinanda cha umeme, ngoma mbili, na fidla moja iliyokatika uzi.

"Mzee," akaniambia mwalimu wao, kijana mpole, "ninyi ndio wenyewe. Nikitaka mtoto mmoja tu ajifunze kanuni, nimpeleke wapi Mombasa?"

Nikamwambia kuwa wajuzi wapo, mmoja mmoja, na mtu akiwa na bahati atafunzwa barazani. Lakini nyumba yenye mlango, ratiba na ada, ambayo mzazi wa Meru aweza kuandikiwa barua na mtoto wake akapokewa, sikuwa nayo ya kumtajia.

Na asije mtu akasema, "Ya nini mtu wa mlimani kudai kanuni?" Wazee wa Meru husimulia kwamba asili yao ni mahali paitwapo Mbwaa, kando ya bahari, walikokuwa wakitawaliwa na watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntune. Wakatoroka. Maji yakawafungukia njia, jambo linalomkumbusha Mwislamu kisa cha Nabii Musa, na kwa kuwa wengine walivuka usiku, wengine alfajiri na wengine mchana, koo zao zikagawanyika kuwa nyeusi, nyekundu na nyeupe. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi hayo, aliitafuta Mbwaa kwetu, katika kisiwa cha Manda, ubavuni mwa Lamu. Basi huenda mwalimu yule alikuwa akidai urithi.

Turudi kwenye vyombo. Neno okestra likitajwa katika Kenya, fikira za watu hukimbilia Nairobi, kwenye chuo cha muziki kilichofunguliwa 1944 na wapigaji waliovaa suti. Siku hizi watu hutaja pia Ghetto Classics, mradi ulioanza 2008 katika mtaa wa Korogocho, karibu na jaa kubwa la Dandora, ambako watoto wa maskini hufunzwa fidla na tarumbeta, kisha wakubwa wakawafunza wadogo. Ni kazi ya kusifiwa, na imefika hata Mombasa. Lakini mtu asidhani kuwa watu wa kawaida kukusanyika, kufunzana na kupiga muziki mkubwa kwa ajili ya mji wao ni jambo lililoletwa juzi. Unguja lina zaidi ya miaka mia.

Yasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri kijana mmoja akajifunze kanuni, aje awafundishe wengine. Hayo yalikuwa ya ikulu. La watu lilikuja 1905, pale vijana wa mjini walipounda chama chao, Nadi Ikhwan Safaa. Jina hilo si geni kwa aliyechungulia vitabu: ndilo walilojiita wale wanavyuoni wa Basra wa karne ya nne ya Hijria walioandika risala hamsini na ushei, na moja katika hizo ni ya muziki. Najua wapo watakaosema kuwa chuo cha Kurani na fidla havikai pamoja. Ikhtilafu hiyo ni ya kale, na wakubwa kuliko mimi hawakuimaliza. Mimi sitaimaliza katika safu ya gazeti.

Nadi haikusimama juu ya mtu mmoja. Ilikuwa chama hasa, chenye wanachama, michango na nyumba ya mazoezi. Wapigaji hawakuwa watu wa kuishi kwa muziki, bali makarani, mafundi na walimu, waliokutana jioni baada ya kazi. Mwimbaji akifa, chama hubaki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo yaligeuka, hata jina la chama likawa Malindi, kwa mtaa wake; hata hivyo wapigaji hawakutawanyika, na mwaka 2005 kilitimiza miaka 100. Mwenzake, Culture Musical Club, aliyezaliwa 1958 katika jumuiya ya vijana wa Afro-Shirazi, akawa na okestra kubwa kuliko zote: safu ya fidla, udi, nai, akodiani, kanuni, besi, dumbaki na rika.

Msimu wao hufuata mwezi mwandamo. Ramadhani vyombo hulala. Ikiingia Idi, watu wamevaa mapya na wanataka kusikia mapya, na nyimbo zilizofanyiwa mazoezi miezi kadhaa ndipo hutolewa. Baada ya hapo ni harusi, mjini na mashamba. Mtu wa kijijini asiyekanyaga ukumbi wa mjini huiona okestra nzima uani kwa jirani yake, akainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji.

Na mafunzo je? Hapa ndipo penye siri, nami nitapakalia kidogo. Mpigaji mwingi wa taarabu Unguja hakuanzia kwenye taarabu. Alianzia kwenye kidumbaki. Kidumbaki ni taarabu ya mtu asiye na pesa: vingoma viwili vidogo, cherewa, mkwasa, fidla moja, na badala ya besi kuna sanduku. Nasema sanduku, nina maana ya sanduku hasa, lile la mbao lililokuwa likija na majani ya chai. Hupinduliwa, likatiwa fimbo na uzi mmoja, na mpigaji akivuta fimbo uzi hukaza, akiilegeza sauti hushuka. Aliyeweza kushika mapigo hapo, katikati ya wanawake wanaocheza na watoto wanaopiga kelele, hawezi kubabaika mbele ya okestra. Makame Faki, aliyejulikana sana katika Culture kwa sauti na fidla yake, alikuwa pia bingwa wa kidumbaki.

Nilipomweleza mwalimu wa Makutano habari hii, alicheka. Milima ya Imenti imefunikwa na chai, akasema; ingawa siku hizi hufungwa katika magunia ya karatasi, mbao hazikosekani. "Basi kanuni itangoja, Mzee. Sanduku tutaligonga misumari wiki hii."

Lakini kanuni haigongwi misumari. Ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa sauti moja, na kuitengeneza sauti tu kabla ya kupiga ni kazi ya subira. Hujifunzi kwa kuchungulia dirishani. Kwa ajili hiyo kilianzishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofungua milango 2002 katika Nyumba ya Forodha ya kale, mbele ya bahari ya Mji Mkongwe. Hapo kanuni, udi, fidla na ngoma vimefundishwa kwa saa na kwa darasa, kwa wavulana na wasichana, na wanafunzi wakatolewa mbele ya watu kupiga. Wasichana ni jambo la kutajwa peke yake, kwani zamani mwanamke katika okestra alikuwa wa kuimba, vyombo vikishikwa na wanaume. Leo kuna Tausi, kundi la Bi Maryam Hamdani, ambamo wanawake hupiga wenyewe kila kitu.

Chuo hicho nacho kimeonja msukosuko. Mwaka 2019 kilitangaza kuwa kimo hatarini kufungwa, maana mkono wa wafadhili wa nje ulikuwa umepungua, na wanafunzi wengi hawakuimudu ada, ijapokuwa ilikuwa ndogo. Nimelipima jambo hili mara nyingi. Nadi, iliyoanza kwa michango ya wanachama, ilifika miaka 100. Chuo, kilichoanza kwa fedha za ng'ambo, kilitikisika kabla ya 20. Sisemi msaada ni mbaya. Nasema tulimwachia mgeni kulipa mshahara wa mwalimu wa watoto wetu, na alipochoka hatukuwa na daftari la michango la kufungua.

Sisi wa Mombasa na Lamu hatukuwa na Nadi. Tulikuwa na mabingwa. Juma Bhalo aliimba mashairi ya binamu yake Ahmad Nassir mpaka mitaa ikanyamaza, alifariki 2014. Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu, aliusemesha udi kama ulimi, alifariki 2016. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na wapigaji wachache waliomzunguka yeye, na alipoondoka hawakuwa na cha kukizunguka. Kanda zimebaki, lakini kanda haimkosoi mwanafunzi akikosea.

Na wala si kweli kwamba watu wetu hawajui kuendesha jambo kwa jamaa. Itazameni Riyadha ya Lamu, msikiti wa Habib Swaleh. Yeye alikwisha fariki zamani, na Maulidi yake yangali yakisomwa kila Mfungo Sita. Vijana hushika dufu wakiwa wadogo, wakasimama safu moja na walio wakubwa, wakakosolewa hapo hapo. Mwaka unaofuata wao ndio hukosoa. Hakuna nyota hapo, na hakuna jina la mtu kwenye tangazo. Dufu likipasuka ngozi, watu huchangishana likawambwa upya, na Maulidi yakiisha hutundikwa ukutani kungoja mwaka mwingine.