MWELEZE DAKTARI WA MIFUGO KABLA YA DAWA YA USINGIZI



Hapa kwetu Lushoto mbwa ni mlinzi. Hufukuza nguruwe mwitu na kima katika mahindi. Paka naye hulinda ghala lisiliwe na panya. Siku moja mnyama huyo huenda akahitaji kuhasiwa au kupasuliwa. Hapo hupewa dawa ya usingizi ili asisikie maumivu. Dawa hiyo ina faida kubwa. Lakini kama mnyama ana ugonjwa wa moyo, dawa hiyo yaweza kumwua.

Kwa nini?

Moyo ni pampu ya damu. Dawa nyingi za usingizi hupunguza nguvu za pampu hiyo. Mnyama hupumua polepole pia. Moyo wenye afya huvumilia. Moyo mgonjwa huweza kushindwa, na mnyama asiamke tena.

Dalili ni zipi?

Zamani mbwa wako alipanda mlima bila shida. Sasa husimama njiani akihema. Hukohoa usiku. Tumbo huvimba. Pengine huzirai.

Paka huficha ugonjwa wake. Anaweza kuwa na ugonjwa wa moyo bila dalili yoyote. Ukimwona amekaa tu, naye anahema mdomo wazi, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Ufanye nini?

Kwanza, mweleze daktari wa mifugo umri wa mnyama na kila dalili uliyoiona. Mwombe asikilize moyo kabla ya kuchoma sindano. Dawa za usingizi ni za namna nyingi. Kwa mfano, zailazini hutumika sana kwa wanyama, lakini hupunguza mno mapigo ya moyo. Daktari akijua mapema, atachagua dawa nyingine. Kama upasuaji unaweza kungoja, atatibu moyo kwanza. Kazi ikiwa ngumu, anaweza kukuelekeza hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Pili, mnyama mzima asile usiku wa kuamkia siku ya kupasuliwa. Akitapika usingizini, matapishi huweza kuingia mapafuni. Maji asinyimwe usiku huo. Kwa watoto wa mbwa na wa paka, muulize daktari.

Tatu, kama mnyama anatumia dawa za moyo, usiziache bila kuuliza.

Nne, mnyama aliyetoka kupasuliwa mwili wake hupoa. Baridi ya huku milimani mwezi wa Juni na Julai ni kali. Mlaze juu ya gunia kavu, umfunike. Asilale karibu na moto, maana akiungua hawezi kukimbia. Tazama kifua kinavyopanda na kushuka. Usimpe chakula mpaka aamke kabisa. Wakati wa kurudi nyumbani mbebe, asipande mlima kwa miguu.

Kumbuka kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa si dawa ya usingizi. Usiogope kumpeleka mbwa wako akachanjwe.

Na wewe mwenyewe ukienda kupasuliwa hospitali, fanya vivyo hivyo. Kama moyo wako una shida, mwambie mganga kabla hujalazwa mezani.