Kuku na bustani: kila kitu na saa yake



Hapa Bafwasende nyumba nyingi ziko na vitu viwili nyuma yake: bustani ndogo ya lengalenga, biringanya ao nyanya, na kuku wanaotembea. Bustani inaleta mboga ya kila siku. Kuku ndiye akiba: mtoto akigonjwa ao masomo yakianza, kuku anauzwa kandokando ya barabara ya Kisangani na makuta inapatikana.

Lakini vitu hivi viwili vinagombana. Vidudu vinakula majani, tunatafuta dawa. Dawa inaanguka chini, kuku anadonoa chini. Na tukiacha dawa, kuku mwenyewe anachimbua miche akitafuta funza. Sasa tufanye namna gani?

Jibu ni fupi. Kuku ana saa yake ya kuingia bustanini na saa yake ya kutoka. Na wakati yuko nje, tutumie tu dawa ambayo haitarudi kwetu ndani ya yai.

Saa ya kuingia

Kuku anafaa mara mbili: mbele ya kupanda na kiisha kuvuna. Lima matuta, pindua udongo, kisha achilia kuku humo siku 10 mpaka 14. Watakula funza wanaokata mashina ya miche usiku, watakula mayai ya panzi na vidudu vilivyojificha chini ya majani makavu. Kiisha mavuno fanya vile vile, maana vidudu vinabaki ndani ya masalio vikingoja mboga mpya.

Saa ya kutoka

Siku unayopanda, kuku watoke. Jenga ua wa mianzi ao wa miti myembamba, urefu wa kufika kifua cha mtu mzima, na ukate manyoya ya bawa moja kwa kuku wanaoruka. Kama huwezi kuzungusha bustani nzima, zungusha kitalu na matuta ya miche.

Iko njia ya katikati: mboga ikiisha kukomaa kidogo, weka kuku mama chini ya tenga kati ya matuta, vifaranga vitoke na kurudi. Vifaranga vidogo havina nguvu ya kuchimbua, lakini vinadonoa viwavi na panzi wadogo. Mtu akae karibu juu ya mwewe.

Lakini tusidanganyane: kuku hawamalizi kila kidudu. Vidukari, wale wadogo wanaojaa chini ya jani na kulikunja, kuku hawawezi kuwamaliza. Kidukari jike anazaa bila dume, ndiyo maana leo unaona watano na kiisha siku chache jani zima limejaa.

Dawa za nyumbani

Sabuni: kijiko kimoja cha sabuni iliyokwanguliwa ndani ya litri moja ya maji. Rashia chini ya majani, jioni. Sabuni inaua kidudu inachogusa tu, kwa hiyo usipite juu juu. Jaribu kwanza majani machache. Yasipoungua kesho yake, endelea.

Pilipili: ponda konzi moja ya pilipili kali, loweka usiku mzima ndani ya litri moja ya maji, chuja, tia sabuni kidogo. Angalia macho yako, na uoshe mikono.

Majivu: nyunyiza asubuhi wakati majani yangali na umande, na kuzunguka shina.

Kwetu mvua ni nyingi, na mvua inaosha dawa hizi zote. Kwa hiyo rudia kiisha mvua, na pita bustanini kila siku mbili. Viwavi wakubwa na mayai, okota kwa mkono: hao ni chakula cha kuku pale pale.

Tumbaku, hapana. Wengi wanasema ni dawa ya asili, basi haina hatari. Maji ya tumbaku ni sumu kali kwa vidudu, kwa kuku na kwa mtu pia. Tena tumbaku inaweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya. Utupa nao, ule tunaotumia kuua samaki, unaua vidudu vizuri. Lakini usioshee ndoo yake mtoni Lindi wala kijitoni.

Dawa ya soko

Dawa isiyo na kibandiko, iliyofungwa ndani ya kisashe ao kichupa cha mtu, usinunue. Hujui ni ya pamba, ya mbegu ao ya mboga. Hatari zaidi ni zile za punje. Moja yao inaitwa karibofurani: ndege anaiona kama mbegu, na punje moja inatosha kuua ndege mdogo. Nchini Kenya watu waliitumia kuulia simba, na mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza iliiondoa katika soko la huko. Mwaka 2017 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaotaka nchi iarifiwe na ikubali kwanza mbele ya kupokea dawa kama hizo.

Kuku akikufa na sumu, asiliwe na asipewe mbwa. Azikwe ndani kabisa. Inauma kupoteza nyama, lakini sumu haiishi kwa moto wa sufuria.

Faida ya mwisho

Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi, na inaleta magonjwa ya tumbo kwenye mboga. Irundike pamoja na majani, ifunike na majani ya ndizi juu ya mvua, ngoja miezi 2 mpaka 3. Mboga yenye chakula cha kutosha inavumilia vidudu kuliko ile dhaifu.

Neno moja kwa makomite: ua wa mtu mmoja hausaidii kama kuku wa jirani wanapita, na dawa ya jirani inaua kuku wako. Katika mkutano wenu, patanisheni juu ya mambo mawili: majuma ya kufungia kuku, na dawa ambazo hazitaingia kijijini.