Paka wa Depo Hapendi Kula: Sababu Gani?

Wengi wanauliza: paka wa depo iko na njaa, anakimbilia sahani, halafu analia na kukimbia. Ni kiburi? Hapana, ni ufizi unaomuuma. Wengine wanasema atupwe. Ngojeni kwanza.

Uchafu unaoshika juu ya meno uko na mikrobu. Mwili wa paka unapigana nayo, lakini kwa paka wengine vita haviishi: ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu. Alama ni hizi: mate yanatiririka, kinywa kinanuka, manyoya ni machafu kwa sababu hajilambi tena.

Tufanye nini? Apewe samaki laini na mchuzi, bila mifupa, chumvi wala pilipili. Bugali peke yake haitoshi. Paka ni mla-nyama. Msimpe parasetamoli hata kidogo: inaua paka. Veterineri akisema meno yang'olewe, msishangae. Wengi wanapata nafuu hivyo, na bila meno wanakula vizuri.

Neno moja tena. Sisi tuko Ituri, na tauni haijaisha huku. Mwaka 2020 na 2021 ilionekana upande wa Rethy. Paka akila panya mwenye tauni anaweza kuugua na kutuambukiza. Basi, akilegea ghafula na kuvimba chini ya taya, msimshike. Mwambieni munganga upesi.

Siku zingine, tumtunze, naye atalinda mahindi yetu.